Besi isiyo na jina: panki, metali na yaliyofuata

Kichwani mwa gitaa langu la besi hakuna jina. Palipokuwa na stika pamebaki doa la gundi tu, na aliyeniuzia nilipomuuliza ni ya kampuni gani alijibu "Fender," kampuni kubwa ya magitaa, kisha akacheka kabla mimi sijacheka.

Ni nakala ya Precision, besi ambayo Fender waliitoa mwaka 1951. Pikapu yake (kinasa mtetemo wa nyuzi) ni ya mtindo ulioanza 1957: vipande viwili vilivyopishana, kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya zile mbili nyembamba. Kitufe kimoja cha sauti, kimoja cha toni, basi. Nililipa shilingi 13,000 kwa M-Pesa, nikapewa na mfuko wa nguo ambao zipu yake ilishakufa zamani.

Nimeipigia panki, nikaipigia metali, na sasa naipigia kile ambacho marafiki zangu wanakiita muziki wa watu wenye huzuni na pedali nyingi, yaani vile vifaa vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti. Kila mara naulizwa lini nitanunua besi ya ukweli. Nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, maana hapa Nairobi nawaona vijana wanaodunduliza miaka nenda miaka rudi wakisubiri besi yenye jina, na huku bendi tatu mtaani kwao zinahangaika kumtafuta mpiga besi.

Niseme ukweli kwanza: siku niliyoinunua ilikuwa haipigiki. Nyuzi zilikuwa juu mno, ukifika freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyolala shingoni) kidole kinauma. Ncha za freti zilikwaruza kiganja kila unaposhuka, na kitufe cha sauti kilikuwa kikikwaruza spika kila ukikigusa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja karibu na River Road anayetengeneza magitaa ya bendi za kanisa na za rumba. Akafumba jicho moja, akaitazama shingo kuanzia kichwani hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini.

"Kijana, hii shingo haijaharibika. Imevutwa tu na nyuzi miaka mingi."

"Itanyooka, mzee?"

"Itanyooka. Lakini nyuzi hizi usiniletee tena hapa."

Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma. Ukiikaza, shingo inavutwa nyuma kushindana na nguvu ya nyuzi. Mzee aliikaza robo mzunguko kwa Alen kii (ufunguo wa pembe sita), akaiweka kando hadi kesho yake, akaitazama tena, akaongeza kidogo sana. Ni kazi ya subira, na anayeimaliza kwa dakika tano mbele yako mkimbie. Kisha akapiga msasa ncha za freti, akazishusha nyuzi, akaanza kupima kila uzi kwenye freti ya 12. Ukiugusa uzi hapo juu bila kuubonyeza, unatoa noti nyembamba ya kengele. Ukiubonyeza palepale, lazima noti iwe ileile. Ikiwa juu zaidi, kile kitandiko cha uzi pale kwenye daraja kinarudishwa nyuma kwa bisibisi mpaka zikubaliane. Kazi yote shilingi 2,500. Sijawahi kutumia pesa vizuri zaidi ya hizo katika muziki, na nimeshanunua pedali nyingi za kijinga.

Mvumo nilishughulika nao mwenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na noti ya G kwenye uzi mnene, freti ya 3, ni hezi 49. Kwa hiyo ukiwa kwenye ukumbi wenye nyaya mbovu, mvumo unakaa pembeni kabisa ya G yako na kuifanya ionekane imetoka kwenye sauti. Uzuri wa pikapu hii ya vipande viwili ni kwamba waya za vipande hivyo zimeunganishwa kinyume, mvumo wa hiki unaufuta wa kile. Kilichobaki ni mchakarisho unaokoma ukizishika nyuzi. Nilifungua kifuniko, nikapaka ndani gundi, nikabandika karatasi ya alumini ile ya jikoni na kuiunganisha na waya wa ardhi. Sasa hata nikiziachia nyuzi, kelele imebaki kidogo sana.

Panki ndiyo ilikuwa ya kwanza. Bendi yetu ilikuwa inataka kwenda kasi kama Ramones, wale wa New York waliotoa albamu ya kwanza 1976. Mpiga besi wao, Dee Dee Ramone, alikuwa akipiga Precision kwa piki (kibanzi cha kuchapia nyuzi), mkono unashuka tu, haupandi. Inasikika rahisi mpaka ujaribu nyimbo sita mfululizo. Mkono wa mbele unawaka moto. Kwa mtindo huo besi ya bei chee haina upungufu wowote ninaouona. Unafungua toni mpaka mwisho, unaweka nyuzi mpya, na ule mlio wa chuma unapita katikati ya gitaa na ngoma.

Shida ni hapo penye nyuzi mpya. Seti ya nyuzi nne nzuri inakaribia robo ya bei ya besi yenyewe, na panki inazimaliza haraka, maana jasho na mafuta ya vidole vinaingia kwenye mizunguko ya waya na ule mng'ao unakufa. Dawa ya maskini ni kuzichemsha. Unazitoa, unazikunja mduara, unazitia kwenye maji yanayotokota kama dakika kumi, unazifuta na kuzikausha vizuri zisipate kutu. Mama alinikuta jikoni akafunua sufuria.

"Baba, hii ni nini unanipikia?"

"Nyuzi za gitaa, mama."

"Na hiyo sufuria utaniletea nyingine lini?"

Nilimnunulia nyingine. Zikichemshwa zinarudi kama mpya kwa shoo moja au mbili, zaidi ya hapo unajidanganya.

Kisha ikaja metali. Wengi wa rika langu hapa mjini tuliingia huko baada ya kuzisikia bendi za ParkingLotGrass na Last Year's Tragedy na kugundua kwamba kelele hii inaweza kutengenezwa Nairobi na watu tunaokutana nao kwenye matatu. Mpiga gitaa wetu akataka tulegeze nyuzi, ule mnene ushuke hadi noti ya C#, kwa sababu ya Black Sabbath, bendi ya metali ya Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani kule Birmingham, na kuanzia 1971 akawa anashusha nyuzi zake nusutoni tatu (sawa na freti tatu) ili zilegee na vidole visimuume. Geezer Butler, mpiga besi wao, akashuka naye. Ajali ya kiwandani ikawa sauti ya muziki mzima.

Lakini ukishusha uzi uleule nusutoni tatu, mvuto wake unapungua kama asilimia 30. Uzi unakuwa mlegevu, unagonga freti, noti haina mwanzo wala mwisho. Hapa ndipo watu husema besi rahisi haifai kwa metali. Kinachotakiwa ni nyuzi nene tu. Nilichukua seti ya besi ya nyuzi tano, nikauacha ule mwembamba kabisa, nikaziweka nne zilizobaki. Ule mnene zaidi haukuingia kwenye ufa wake pale kichwani, kwa hiyo nikaupanua ufa kwa tupa nyembamba, mkwaruzo mmoja, kupima, mkwaruzo mwingine, kupima. Sasa jiulize: nani atathubutu kutia tupa kwenye besi ya laki mbili? Mimi nilifanya hivyo nikiwa nakunywa chai.

Wala kushuka si lazima. Steve Harris wa Iron Maiden, bendi nyingine ya metali, anapiga Precision kwa vidole, nyuzi zake ni zile zilizozungushiwa waya bapa, za aina wanazopenda wazee wa jazi, na hakuna aliyewahi kumwambia hapigi metali. Umbo la besi ni lile la Dee Dee. Tofauti ni vidole, nyuzi na mtu.

Jambo moja ambalo besi yoyote haitakusaidia, iwe ya bei gani, ni ampu (kikuza sauti) ya kukodi. C# ile ya chini ni kama hezi 35, na spika ndogo za kumbi zetu haziwezi kuitoa. Jukwaani unahisi unapiga hewa. Ukiweka distoshani (pedali ya kukwaruza sauti) kidogo, zinaongezeka noti za juu zilizomo ndani ya noti hiyo, na sikio linaijazia lenyewe ile ya chini. Ndiyo maana pedali yangu ya distoshani sizimi, hata kwenye wimbo wa taratibu.

Siku hizi nimehamia kwenye noti za juu za shingo. Sababu ni Peter Hook, mpiga besi wa bendi ya Joy Division, jamaa wa Manchester ambaye besi yake ya kwanza ilikuwa nakala rahisi ya Gibson, na ambaye alianza kupiga noti za juu kwa sababu ampu yake ilikuwa dhaifu na huko juu ndiko alikoweza kujisikia. Nilipojua hilo nilifarijika sana. Besi inabeba wimbo, gitaa linapaka rangi tu. Kwa sisi tuliokulia kwenye benga hilo si geni hata kidogo, besi ya benga haijawahi kukaa nyuma ikijifanya fanicha.

Huko juu ndiko kasoro ya besi yangu ilikojificha. Uzi wa G, freti ya 6: noti inalia kidogo na kuzimika, wakati jirani zake zinaendelea kulia. Shingo yenyewe inatetemeka kwa kasi ya noti hiyo na kuinyonya nguvu. Si ugonjwa wa besi rahisi peke yake, besi nyingi za umbo hili, hata zenye majina makubwa, zinalo doa la aina hii kati ya freti ya 5 na ya 7. Naikwepa kwa kupiga noti ileile kwenye uzi wa D, freti ya 11. Inasikika nene zaidi, na kusema kweli nimeipenda hivyo.

Kasoro nyingine ni kichwa. Ukiiachia mkono, kichwa kinainama kuelekea sakafuni, kwa hiyo mkono wa kushoto unafanya kazi mbili. Mkanda wa nailoni unateleza begani na kuzidisha tatizo. Nilikwenda soko la Kariokor, kwa mafundi wa viatu vya ngozi, nikashonewa mkanda mpana, upande wa ndani ukiwa ngozi yenye manyoya laini inayoshika shati. Shilingi 800. Kichwa bado kina hamu ya kushuka lakini hakishuki.

Nani asinunue besi ya namna hii? Anayepiga kanisani, kwa mfano. Gospeli ya sasa inataka nyuzi tano, na waimbishaji wanabadilisha ufunguo katikati ya wimbo bila kukuonya. Nunua ya nyuzi tano tangu mwanzo. Na anayetaka kitu kipya chenye risiti namwelewa pia. Squier ni jina la Fender wenyewe kwa besi za bei nafuu, na Affinity zao zinapigika. Yamaha TRBX174 ina pikapu mbili na haihitaji betri. Ibanez GSR200 ina kiongeza besi kinachokula betri ya volti 9, kwa hiyo ukimaliza mazoezi chomoa waya kwenye besi, maana ukiuacha umechomekwa betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Zote tatu nimezipiga za watu, na kwa yoyote kati ya hizo ningefanya shoo yoyote ya roki kesho.

Anayetaka ya mitumba aende nayo taratibu. Itazame shingo kama alivyofanya yule mzee. Piga kila freti ya kila uzi, moja moja, hata kama muuzaji anakuna kichwa. Noti ikikwama au ikilia mara mbili, uliza. Jaribu kama ile fimbo ya shingo inazunguka: ikiwa imekaza kabisa hadi mwisho na shingo bado imepinda, rudisha besi na uondoke, hiyo hakuna fundi wa bei yako. Rangi iliyobanduka, mikwaruzo na vitufe vyenye kelele ni vya kuombea punguzo. Jina la kichwani pia usilipie. Paul McCartney wa Beatles alichukua besi ya Höfner mwaka 1961 kule Hamburg kwa sababu Fender ilikuwa ghali kwake, na ile besi yenye umbo la fidla ikaenda naye mbali kuliko alivyotarajia yeyote.

Pikapu sijabadilisha hadi leo. Watu wananiambia hiyo ndiyo hatua inayofuata, na inawezekana, lakini kwanza mpiga ngoma wetu ameanza kuleta mapigo ya polepole sana na mpiga gitaa anazungumzia kushuka hadi B, hezi 31 hivi. Tupa ipo, na ule mkebe wa nyuzi nene bado una akiba. Mwenye ampu ya spika ya inchi 15 anayekodisha kwa bei ya kibinadamu ndiye ninayemtafuta kwa sasa.