Nimeitazama Queen Charlotte kwa jicho la msusi

Nasuka nywele hapa Majengo, Moshi, na saluni yetu ina runinga. Sehemu zote sita za tamthilia ya Queen Charlotte: A Bridgerton Story, iliyotoka Netflix Mei 2023, nimezitazama vidole vikiwa kwenye rasta, na naipa alama za juu. Sababu ya kwanza ni kichwa cha yule binti.

India Amarteifio anaigiza Charlotte, binti Mweusi wa miaka 17 anayepelekwa London kuolewa na Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Hawakumvalisha nywele za singa. Zimeachwa na mizunguko yake, zikajazwa, zikapandishwa juu, na siku ya harusi taji likatulia humo. Kazi ile si ndogo, mwenye kushika kitana anaijua. Kwangu wanakuja mabinti waliotoka kumaliza kidato cha nne, nywele ndiyo kwanza zinaota, na neno la kwanza ni dawa ya kulainisha. Mmoja aliitazama ile harusi akauliza, "Dada, na zangu zinaweza kukaa vile?" Zinaweza. Nikamwonyesha.

Augusta, mama wa mfalme, anampangusa binti shavu kuona kama rangi inatoka. Saluni nzima iliguna. Kisha, kwa kuwa harusi haiahirishiki, ikulu inagawa vyeo kwa familia za Weusi ili ionekane jambo lilipangwa tangu awali. Agatha Danbury, aliyeigizwa vizuri mno na Arsema Thomas, anafiwa na mume na hajui kama cheo na nyumba vitabaki kwake. Mama mmoja mjane, tuliyekuwa tukimtafsiria Kiingereza, akasema: "Hilo nalijua, wanangu. Mashemeji walikuja na kufuli kabla matanga hayajaisha."

Matukio ya kitandani yapo mengi. Mteja akiingia na mtoto, nilikuwa nazima.

Sasa historia. Charlotte wa kweli alizaliwa Mecklenburg-Strelitz, Ujerumani, mwaka 1744. Wapo wanaodai alikuwa na damu ya Kiafrika kupitia ukoo wa zamani wa Ureno, ila wanahistoria wengi hawakubali. Tamthilia yenyewe inatangaza mwanzoni kwamba si somo la historia, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni ukimya. Uingereza ya miaka ile ilitajirika kwa biashara ya watumwa, bunge lao likaja kuipiga marufuku 1807, Charlotte akiwa bado hai. Humu Weusi wanavaa hariri na kupewa mashamba, na hakuna anayeuliza utajiri wa ufalme ule ni jasho la nani. Hapo nimepunguza alama.

Halafu kuna Old Moshi, hapo juu tu. Meli alirithi kiti cha baba yake, Mangi Rindi (mangi ni chifu wa Wachagga), mwaka 1891 akiwa kijana. Mwaka uliofuata askari wake waliwashinda Wajerumani vitani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani wakamnyonga, na ukoo wake umehangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Shonda Rhimes, aliyeitunga tamthilia hii, ameonyesha kwamba Mweusi akikalishwa kwenye kiti cha enzi cha wengine, dunia inatazama. Mimi namtaka huyu wa kwetu, kwenye kiti chake mwenyewe, akiongea Kichagga. Watayarishaji wetu, hadithi iko hapa Kilimanjaro, na pesa ya bando nitatoa.