Uzoefu wangu: ushuru wa maegesho na kufungwa tairi Arusha mjini

Nasambaza mayai kwa kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, kwa hiyo kupaki ni nusu ya kazi yangu. Soko Kuu, Kaloleni, Sokoine Road, kote huko hujazima gari vizuri mhudumu ameshafika na mashine yake. Anaingiza namba ya gari, karatasi inatoka, anaichomeka chini ya waipa na kwenda zake. Hela haigusi. Nalipa mwenyewe kwa simu kwa kumbukumbu namba (namba ya malipo ya Serikali), na kwa hilo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini wenye ushuru huu, nawapa pongezi, maana zamani ukimpa kijana noti mkononi hukujua imeishia wapi.

Ila karatasi yenyewe msiitegemee. Mvua ya Aprili inailowesha, na ukiiacha kwenye dashibodi jua linafuta maandishi. Deni halifutiki: limeandikwa kwenye namba ya gari, si kwa dereva, na likichelewa linazaa faini. Mimi hupiga *152*00#, menyu ya huduma za Serikali kwenye simu, kuangalia kama nadaiwa. Anayenunua gari la mkononi naye aangalie kabla hajatoa pesa, asije akarithi madeni ya mwenzake. (Faini ya trafiki ya 30,000 kwa kupaki vibaya ni kitu kingine kabisa. Kulipa huku hakufuti kule.)

Kilichonikera ni eneo binafsi, jengo moja la biashara ambalo silitaji. Nimeshusha trei zangu, narudi, tairi la mbele limefungwa kufuli la chuma. Ukutani hakuna kibao, chini hakuna mstari. Mlinzi akaja taratibu: "Bosi, hamsini hapo." Nikaomba kumbukumbu namba, hana. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi? "Mashine mbovu, kaka." Nikakaa kwenye bodi nyuma nikampigia mteja wangu wa ghorofani. Hamsini ikawa thelathini, thelathini ikawa ishirini, mteja hata ngazi hajamaliza kushuka. Faini gani hiyo inayopungua bei kama shati la mtumba? Mteja alipofika na kuuliza ni nani aliyeagiza gari lifungwe, ufunguo ukapatikana mfukoni kwa mlinzi huyo huyo. Nikaondoka bila kutoa kitu, ila asubuhi yangu ilikuwa imeshaharibika na madukani wananisubiri.

Pale siingizi gari tena. Wateja wa jengo hilo wanafuata mayai yao ng'ambo ya barabara, penye mashine.