Fundi wa saa hapa Kisumu: nyota nne, ile ya tano ameikalia mwenyewe

Wacha nianze na bei, kwa sababu najua wengi mtasoma hapo alafu muende. Savisi ya saa ya mkono isiyotumia betri, yaani kuifungua yote, kuosha vyuma kimoja kimoja, kutia mafuta na kuirudisha, ni 1,800. Nililipa 500 ya kuanzia na hiyo ingine nikatuma kwa M-Pesa siku ya kuchukua. Aliniambia siku tatu. Ilichukua siku kumi na tisa. Fundi wa saa, jameni.

Saa yenyewe ni Seiko 5 ya babu, aliinunua akiwa kazi ya reli miaka ya sabini hivi, na tangu atuache ilikuwa imelala ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na risiti na vitambulisho vya zamani. Desemba nikaitoa, nikaitingisha, ikatembea dakika mbili ikasimama. Kwanza niliipeleka kibanda fulani cha simu hapa tao, sitasema ni gani, kijana akaanza kuchokora mfuniko wa nyuma na ncha ya makasi huku akiniuliza betri iko upande gani. Nikamwambia haina. Akaniangalia kama mtu aliyemletea gari isiyo na injini. "Sasa inatembeanga na nini?" Nikachukua saa yangu na mikwaruzo yake mipya nikaondoka.

Mama mmoja wa mitumba ndiye alinielekeza kwa huyu mzee. Ukitoka barabara ya Oginga Odinga unaingia kichochoro, yuko kwa baraza ya duka, meza moja ya mbao yenye kioo juu, lenzi imekwama kwa jicho tangu asubuhi, bango hana. Ukutani nyuma yake kuna saa kama kumi na tano na hakuna mbili zinakubaliana. Nikiwa mkweli hapo nilitaka kurudi.

Lakini aliichukua saa ya babu akaiweka kwa sikio, kimya, kama daktari, alafu akasema springi iko sawa, ni mafuta imekauka ikawa gundi. Akaifungua hapo hapo bila kuikwaruza. "Japuonj, kuja uone." (Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo.) Hii ndio sababu naandika haya yote, kwa sababu mafundi wengi wanakupa kitu kimefungwa na wanakurudishia kimefungwa, huyu alinipa lenzi yake. Kuna chuma ya nusu mwezi inayozunguka ukitembeza mkono, hiyo ndio inakaza springi, ndio jibu la yule kijana. Alafu kuna kigurudumu kidogo chenye springi nyembamba kama unywele, imejizungusha, kinaenda mbele kinarudi nyuma, na kila kikirudi kinaachilia jino moja la gia. Ukihesabu kwenda na kurudi kila moja kivyake, ni mara sita kwa sekunde, yaani 21,600 kwa saa. Kwa uso wa saa imeandikwa juweli 21, nilikuwa nadhani ni majivuno ya kuuza, kumbe ni vijiwe vigumu vya rubi ya kutengenezwa vinavyoshikilia ncha za vyuma visilike haraka.

Sasa mimi nafunza fizikia. Miaka tisa nimewafungia watoto wa kidato cha tatu kijiwe kwa uzi, hesabu mizunguko ishirini, gawanya, chora grafu, kengele ikilia tunaenda. Pendulamu. Sijawahi kuwaambia ni ya nini! Christiaan Huygens, Mholanzi, mwaka wa 1656 alipofunga pendulamu kwa saa, zile saa zilizokuwa zikipotea kama robo saa kwa siku zikaanza kupotea sekunde tu. Lakini pendulamu huwezi kuvaa kwa mkono, ukipanda boda imeisha, kwa hivyo 1675 akatoa saa yenye hii springi ya kujizungusha (Robert Hooke wa Uingereza akalalamika kwamba wazo lilikuwa lake, wakagombana sana). Ile kitu nilikuwa naangalia kwa lenzi ya mzee kwenye baraza ni ile pendulamu yangu ya uzi, imepata njia ya kutembea na mtu.

Mzee anaongea akifanya kazi na hiyo ni sehemu ya savisi upende usipende. Maoni yake ni kwamba saa ni kitu ya Mzungu, Mjapani akaichukua, Mchina akaifanya bei rahisi. Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia mzee, Mchina alitangulia. Su Song, afisa wa serikali mjini Kaifeng, alisimamia ujenzi wa mnara wa saa kuanzia mwaka wa 1088 hivi, kimo kama mita 12, unasukumwa na maji. Gurudumu kubwa limefungwa vindoo, kindoo kikijaa kinaangusha kufuli, gurudumu linasonga hatua moja linashikwa tena. Mzee akaweka kikoleo chini. "Kumbe ni kama hii," akaonyesha lile jino la gia. Ni wazo hilo hilo, achilia kidogo, shika. Alafu akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu angeuliza: na baridi ikikuja, hayo maji hayagandi? Yanaganda ndio, na karibu miaka mia moja kabla ya Su Song kulikuwa na Zhang Sixun aliyetumia zebaki badala ya maji kwa sababu hiyo hiyo. Mzee alifurahi mpaka akaagiza chai. Nililipa mimi.

Ile aliyoipenda zaidi ni ya ndovu. Al-Jazari, kwenye kitabu alichomaliza 1206, amechora saa ya maji yenye umbo la ndovu, na ndani ya tumbo kuna bakuli lenye tundu dogo linaelea kwa maji likizama polepole, baada ya nusu saa linazama kabisa, linavuta kamba, mpira unadondoka, joka linainama, na mlio unasikika. Bakuli la kuzama lilikuwa linatumika India, mambo ya maji alijifunza kwa Wagiriki, majoka ni ya Kichina, na mwenyewe alikuwa fundi wa wafalme huko Diyarbakir, siku hizi ni Uturuki. Hakuona haya kuchanganya. Mzee akacheka sana akasema hiyo angeitengeneza kwa siku tatu. Mimi nilikuwa siku ya kumi na moja nikingojea yangu.

Ndio, kuhusu kungojea. Mara ya kwanza nilirudi akasema kesho. Kesho yake hakuwepo, ametoka na matanga. Alafu kipande fulani kimetumwa Nairobi. Sikukasirika sana kwa sababu nilikuwa namkumbuka John Harrison, seremala wa Uingereza, alitengeneza saa ya kupima longitudo baharini, yaani kujua meli iko mashariki ama magharibi kiasi gani, 1761 ikapelekwa Jamaika ikafika imepoteza sekunde 5 tu, na zawadi ya pauni 20,000 ilikuwa imetangazwa tangu 1714, lakini wakubwa walimzungusha mpaka 1773 ndio bunge likammalizia pesa akiwa na miaka 80. Lakini yeye ndiye alikuwa fundi. Hapa fundi ndiye ananizungusha.

Siku nyingine aliniuliza kwa nini sitini, si mia? Nikamwambia ni watu wa Babeli, walihesabu kwa sitini kwa sababu inagawanyika vizuri, kwa mbili, tatu, nne, tano, sita, kumi, kumi na mbili, na Wamisri ndio walikata mchana kumi na mbili na usiku kumi na mbili. Akasema basi sisi ndio tuko sawa, tunasema saa moja jua likishatoka, Mzungu anasema saba, saba ya nini? Kwa kweli sikuwa na jibu. Kwa Wamisri saa za mchana zilikuwa zinarefuka na kufupika na misimu, lakini hapa ikweta tumeikalia, mchana wetu haubadiliki, kuhesabu kutoka jua likichomoza kunafanya kazi mwaka mzima. Shida moja tu, saa zetu zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki na Kisumu tuko karibu 35, kwa hivyo jua letu linachelewa kama dakika arobaini. Linatoka kumi na mbili na nusu imepita, na utosini linafika karibu saa saba kasorobo, Mombasa wametuacha na dakika ishirini hivi. Mzee akasema alijua tu, vile kivuli cha baraza yake hakijawahi kukubaliana na redio.

Ukienda, usipeleke saa ya betri ya mia tatu. Atakurudishia bila kuiangalia. Ana kinyongo nazo na nafikiri ana haki, ndani kuna kipande cha kwatzi, aina ya jiwe, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na ya kwanza ya mkono ilitoka Tokyo siku ya Krismasi 1969, kampuni ile ile iliyotengeneza ya babu, na wenzake waliokuwa wamepanga meza hapo kichochoroni wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ikiharibika watu wanatupa. Amebaki yeye na mwingine anayekuja Jumamosi.

Kazi yenyewe ni safi. Mwezi wa pili sasa na saa haijasimama, inakimbia kama sekunde ishirini kwa siku, alisema niivae kwanza alafu nirudishe aisawazishe bure, nitarudi mvua ikipungua. Kioo hakubadilisha, alikisugua na kitu fulani kama dawa ya meno, kikarudi kuonekana. Mkanda hana, nunua kwingine. Kama una haraka ya harusi ama intavyuu usimpelekee.

Siku ya kuchukua nilimwambia aniwekee saa sahihi. Akageuka akaangalia zile kumi na tano za ukutani, akasonya, akatoa kabambe mfukoni, akasoma saa kwa simu.