Chatiboti ya Kuhoji Wateja: Tathmini Baada ya Miezi Minne

Kwa miezi minne sasa idara yetu imekuwa ikitumia huduma ya chatiboti, yaani programu ya akili mnemba inayozungumza na mtu kwa maandishi, kutafiti mahitaji ya wateja walionunua birika letu la umeme. Awali kazi hiyo ilifanywa na wahojaji watano wa mkataba, waliopiga simu, wakanukuu mazungumzo na kuyapanga wenyewe. Leo amebaki mmoja.

Nianze na sifa, kwa kuwa zipo. Chatiboti haichoki, humngoja mteja mpaka saa atakayopata nafasi, na rundo la majibu ambalo tungelisoma kwa wiki mbili hulipanga katika mafungu kwa dakika chache. Hata hivyo, wingi wa majibu usimlevye mtu. Mwaka 1993 watafiti Abbie Griffin na John Hauser walionyesha kwamba mahojiano ya ana kwa ana na wateja 20 hadi 30 hufichua takriban asilimia 90 au zaidi ya mahitaji yao. Sisi tulihoji mamia, na hitaji kubwa kuliko yote likatupita.

Lilitupita hivi. Mteja mmoja alipoulizwa kama ameridhika, alijibu: "Liko sawa tu, tunaenda nalo hivyo hivyo." Chatiboti ikamshukuru, ikamtia katika fungu la walioridhika, ikahamia kwenye swali la rangi. Mhojaji wetu aliyebaki, ambaye siku hizi kazi yake ni kukagua mazungumzo ya mashine, alipofika kwenye "sawa tu" alisita, kwa sababu hiyo "tu" ndiyo iliyobeba lalamiko zima. Akampigia simu. Baada ya kujuliana hali kwa utulivu, mteja akaeleza kwamba mvuke hutokea karibu na kishikio, kwa hiyo hulimimina akiwa amelishika kwa kitambaa. Ameshazoea, wala hakudhani ni jambo la kusema. Tulipolitafuta neno "kitambaa" katika majibu yote, tulilikuta mara kadhaa, likiwa limetawanyika katika mafungu yasiyohusiana.

Kasoro ya pili inatia aibu zaidi: muhtasari ulitupatia maneno matamu ya mteja, tena ndani ya alama za kunukuu, ambayo hayakusemwa na mtu yeyote katika mazungumzo yale. Huduma hiyo pia huuza wateja wa kuigiza, ambao ni mashine inayojibu kana kwamba ni mnunuzi. Niliwajaribu mara moja. Walikuwa na adabu kuliko mteja yeyote niliyewahi kukutana naye, na hakuna hata mmoja aliyetaja mvuke.

Kuhusu ajira, mfano unaojulikana ni wa Klarna, kampuni ya huduma za malipo ya Sweden, iliyotangaza Februari 2024 kwamba msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi inayolingana na ya watu 700 wa huduma kwa wateja. Mwaka 2025 mkuu wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba kutanguliza gharama kulishusha ubora, na kampuni ikarudi kuajiri watu. Kwetu hasara imejificha zaidi. Wanne ambao mikataba yao haikuongezwa ndio waliokuwa wachanga kazini, na huyu mzoefu alijifunza kusikia "sawa tu" kwa kupiga simu miaka mingi, nyingine zikikatwa kabla hajamaliza salamu. Ukaguzi anaoufanya sasa haumfundishi mtu ambaye hajawahi kuhoji.

Kwa kupanga na kutafuta majibu naipa huduma hii alama 4 kati ya 5. Kwa kuhoji, 2. Usajili nimeuongeza kwa kazi ya kwanza peke yake, na mahojiano yamerudi kwenye simu. Niliomba wahojaji wanafunzi wawili wakae karibu na yule mzoefu. Bajeti imeruhusu mmoja.