Fukwe za Mtwara: tazama mwezi kabla hujakata tiketi

Habari zenu jamani. Kabla sijasema lolote, tazameni nyuma yangu. Hapa ni Shangani, Mtwara mjini, saa nne na robo asubuhi. Bahari mnaiona? Ndiyo ile kule, ule mstari wa buluu mbele ya wale kina mama. Mimi nimekaa juu ya mwamba, na jana saa kumi jioni maji mahali hapahapa yalikuwa yananifika kifuani.

Wengi mmeniuliza kama Mtwara ni mahali pa kuja kuogelea na kuteleza kwenye mawimbi, au ni mji wa korosho na gesi tu. Nimezunguka wiki nzima. Nimelipia kila kitu mwenyewe, hakuna hoteli iliyonilipa. Kwa hiyo leo nachambua fukwe za Mtwara kama ninavyochambua simu au jiko: kipi kinafanya kazi, kwa nani, na wakati gani. Hilo la wakati ndilo lililonileta mbele ya kamera.

Mwaka jana nilikuja na familia. Tulichukua chumba kinachoangalia bahari, siku mbili, na tukalipa kabla. Watoto wakaamka alfajiri, wakavaa nguo za kuogelea, wakatoka mbio. Wakakuta majani ya baharini, mawe na madimbwi. Mwenye nyumba tulipomuuliza akasema maji yatarudi. Ni kweli yalirudi, ila saa tisa na nusu alasiri, watoto wamelala na mkubwa ana jeraha la mwamba mguuni. Hakuna aliyetudanganya kuhusu chumba, lakini pia hakuna aliyetuambia kwamba tumekuja siku za bamvua, yaani siku bahari inapojaa sana na kupwa sana. Iliniuma, kwa sababu lilikuwa jambo la kuambiwa kwa sentensi moja tu.

Basi safari hii nilianzia kwa mzee mmoja anayeshona nyavu jirani na soko la samaki. Nikamwamkia, shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu. Nikamuuliza, kesho asubuhi nitapata maji ya kuogelea? Akaniuliza, leo mwezi ngapi? Nikamtajia tarehe. Akatikisa kichwa: "Hiyo ya kalenda. Nakuuliza mwezi."

Na majibu yote yako humo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia kama tarehe 29 hadi 2 au 3, na 14 hadi 17 za mwezi wa kuandama, ndiyo bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Pwani hii siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na 22 au 23, ni maji mafu: bahari haiendi mbali, na asubuhi inakukuta imejaa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukishajua hivyo, unaweza kukaa Dodoma na kujua Shangani itakuwaje siku utakayofika.

Kwa hiyo Shangani ni nzuri au mbaya? Ni nzuri, ukijua umefuata nini. Unataka kuogelea asubuhi na watoto, njoo maji mafu. Unataka kuona kilichomo baharini, njoo bamvua, uvae viatu vya mpira, maana kuna wadudu wenye miiba mirefu myeusi na ukimkanyaga mmoja umeharibu safari. Ngoja niwasogeze karibu na huyu mama, ameniruhusu. Mnaona lile tundu? Mimi nimepita hapo mara mbili sikuona kitu. Yeye ameona maganda ya kaa yamerundikwa mlangoni, akajua mwenyewe yumo. Anaingiza chuma taratibu, hachomi kwa nguvu, anatekenya. Tazameni, mkono wa kwanza huo unazunguka chuma. Wa pili. Anavuta... pweza huyo! Ananiambia kabla ya kumpika atampigapiga kwanza mpaka alainike. Kwangu mimi nusu saa hii imenilipa safari nzima.

Ng'ambo ya ghuba ni Msangamkuu. Unapanda kivuko, mwendo mfupi tu, unashuka kwenye kijiji cha wavuvi chenye minazi na mchanga mwingi. Huko nilikwenda Jumapili, watu wengi, watoto wamejaa majini. Nilipenda utulivu wake wa siku za kazi zaidi. Beba maji ya kunywa.

Sasa Msimbati. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Msimbati ndiyo sababu ya kuja Mtwara. Ni kilomita 40 na ushei kusini-mashariki mwa mji, unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi. Ufukwe uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 za visiwa, mikoko na matumbawe mpaka mpakani na Msumbiji. Kuna kiingilio, lipa upewe stakabadhi. Mchanga ni mweupe na laini kiasi kwamba ukiuminya unalia chini ya unyayo. Na maji hayakimbii kama hapa Shangani, maana upande wa Ruvula kina kinaanza hatua chache tu kutoka ukingoni. Rangi inabadilika ghafla, kijani halafu buluu nzito.

Kina hicho ndicho uzuri wake, na ndicho cha kuogopa. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki unaigonga pwani hii ya mpakani na kugawanyika, tawi moja linapanda kaskazini, jingine linashuka Msumbiji. Ndiyo maana maji ni ya vuguvugu na safi. Lakini ukiogelea, ogelea sambamba na ufukwe, usielekee nje, na muulize mvuvi kwanza mkondo unakwenda wapi. Mimi nilisimama majini mpaka kiunoni, na baada ya dakika chache nguo zangu nilizoziacha ufukweni zilikuwa mbali kushoto. Sikuwa nimepiga hata hatua moja.

Na mawimbi? Nitasema wazi ili mtu asinunue ubao wa bei kubwa akaja nao kwenye basi kutoka Dar. Mtwara si Durban. Kule wimbi linatoka bahari kuu na kufika ufukweni likiwa na nguvu zake. Huku kwetu Madagaska imekaa upande wa kusini-mashariki inakinga sehemu kubwa ya mawimbi makubwa, na yanayobaki yanavunjikia kwenye matumbawe. Wakati wa kusi, yaani upepo wa msimu wa kutoka kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo unachachamaa na unapata mawimbi mafupi yenye vurugu. Anayejifunza kulala juu ya ubao atafurahi. Anayetafuta wimbi la kusimamia atachoka kusubiri. Vijana niliowakuta wanatumia kipande cha ubao wa ngalawa kuukuu. Wanalala kifudifudi, wanageuza shingo, wanaacha mawimbi mawili yapite, la tatu wanalipanda mpaka mchangani. Nilijaribu nao alasiri nzima na sikutaka kutoka.

Mikindani kwa kifupi: kilomita kama 10 kutoka mjini, mji wa kale, nyumba za mawe ya matumbawe, boma la Wajerumani la mwaka 1895. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Nenda jioni. Usiende kwa ajili ya kuogelea, ghuba imefungwa na maji yamelala.

Chakula sitawachosha. Samaki wa kuchoma, dafu, na ukiwa msimu wake ulizia ming'oko, viazi pori vya huku kusini, vinachemshwa na chumvi. Jua ni kali kuliko unavyodhani, hata kukiwa na upepo.

Kama una siku tatu, weka mbili Msimbati na moja hapa Shangani. Niandikieni tarehe mnazopanga kuja, nitawajibu kila mmoja kama ni bamvua au maji mafu. Sasa naona kina mama wameanza kurudi, maana maji yamegeuka. Nami nainua kamera hii kabla hayajanifikia.