Gurudumu la Mbele au la Mkia kwa Rubani Mwanafunzi?
Kwa anayejifunza kutua Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huongeza kasi ya ndege inapogusa ardhi, ndege ndogo aina ya Cessna 172 yenye gurudumu la mbele ni salama zaidi, kwani kitovu chake cha uzito, kikiwa mbele ya magurudumu makuu, huinyoosha yenyewe. Ndege ndogo ya Piper Cub, yenye gurudumu la mkia, ikipindishwa kidogo na upepo wa ubavuni, huweza kuzunguka ghafla na kuvunja bawa. Lakini gurudumu la mbele ni dhaifu: ndege ikidunda kisha mwanafunzi akasukuma usukani mbele, gurudumu hilo huweza kuvunjika, na propela ikigusa lami injini hulazimika kufunguliwa ikaguliwe, gharama inayoumiza kweli. Kwa sababu hiyo, kwenye viwanja vya udongo, gurudumu la mkia hushinda. Anayelenga ndege za abiria aanze na la mbele. Anayekusudia kuruka porini, akiwa na mwalimu mvumilivu, achague la mkia.