Forodhani ya asubuhi, sio ile ya usiku

Kila mtu akiisifu Forodhani, bustani yetu ya Mji Mkongwe Zanzibar, anasifu chakula, mara pweza mara urojo mara zanzibar pizza, mie nasema Forodhani ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi maana ndio niliyoizowea. Mama anaumwa na magoti, daktari kamwambia atembee kila siku ila pawe tambarare, na kwetu mtaani bodaboda na magari hata pa kukanyagia hapana. Basi tunashuka mpaka bustanini. Njia zimetandikwa sawasawa hazina mashimo, anakwenda na bakora yake raundi mbili, kuanzia mbele ya Ngome Kongwe mpaka mwisho kule, akichoka anakaa kwenye benchi chini ya mti. Shoga yangu kaniuliza eti kuna bwawa? Bwawa la nini na bahari hiyo hapo, siku za bamvua maji yanagonga ukuta mpaka buibui linarowa, na jioni vijana wa makachu, wale wa kuruka baharini, wanajitupa hapo hapo.

Marehemu bibi alikuwa akiiita Jubilii, kwa sababu ilifunguliwa 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa. Hii tunayoiona sasa ilitengenezwa upya na watu wa Aga Khan ikafunguliwa 2009. Ila nikigeuka nikalitizama Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu la hapo jirani, tokea liporomoke upande mmoja ile Disemba 2020, roho inaniuma.

Ukiwahi sana utakuta kunguru na paka wanagombania vijiti vya mishkaki ya jana, paka mmoja wa manjano sikio limekatika ndio mbabe wao. Hapo wafagiaji hawajapita bado.

Usiku tulikwenda mara moja tu. Muuzaji kaanza na Kizungu chake, mishkaki miwili ya pweza 20,000! Mama kamwambia, "Mwanangu, mie nimezaliwa Malindi hapa hapa mjini, bei hiyo kampe Mtaliana." Ikashuka papo hapo mpaka 8,000, na pweza mwenyewe mkavu kama kandambili, wallahi kachomwa mara ya pili yule. Juisi ya miwa lakini siisemi vibaya, inakamuliwa unaona, na tangawizi na ndimu ndani.

Nampa nyota nne huyu Forodhani wangu. Ya tano waongeze mabenchi ya kivulini, maana ikifika saa tatu jua kali na mama hataki kubanana na wavuta sigara.